Mto wa Safu ya Tatu

Sunok, mto wako wa kukalia bado uko safu ya tatu,
ule wa kijani, uliotariziwa jina lako kwa uzi mweupe.
Hakuna anayeukalia. Tunaupita kwa ubavu
kama kitanda cha mgonjwa aliyehamishiwa wodi nyingine.

Daegu ni ileile. Sala ya alfajiri saa kumi na moja kamili,
sakafu ina moto chini kwa chini, soksi zinakauka tukiomba,
na baada ya amina kuna supu ya maharagwe,
kabichi ya pilipili uliyotufundisha kuikanda,
na Mchungaji Nam akiuliza nani atalipia zulia jipya.
Nililipia mimi. Jina langu liko ubaoni.

Wewe uliondoka Februari, barafu ikiwa bado ndani ya mabomba.
Ulisema umeitwa. Tukauliza, kwa sauti gani?
Ukasema: si sauti. Ni kijiwe ndani ya kiatu,
nimetembea nacho miaka sita, nimechoka kuchechemea.
Tukacheka, Mungu atusamehe. Miaka sitini na mmoja,
goti bovu, mume kaburini, mwana Busan asiyepiga simu,
ndiye anaitwa Taebaek, kwenye migodi iliyofungwa?

Kamati ikanituma nikurudishe. Nikabeba bahasha,
nikabeba na maneno: busara, umri, mfano kwa vijana.
Basi lilipanda milima saa nne nzima, nikatapika mara mbili.
Nilikukuta kwenye duka lililokuwa la kinyozi,
kioo kirefu bado ukutani,
msalaba wa mbao za sanduku la tufaha,
waumini watano, na wa sita mbwa.
Niliiona kwenye kile kioo kola yangu ya manyoya.

Mzee Tak alikuwa amelala kifudifudi.
Vumbi la miaka thelathini limo mapafuni, ulisema,
daktari huja Alhamisi, au haji.
Ulimgonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ambayo ana hakika ina mtu ndani.
Akakohoa. Akatutukana wote wawili,
kisha akamgeukia Mungu, naye hakumbakisha.
Nikangoja umkemee.
Ukasema: endelea, Mzee, yatoke yote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
na cha mvunguni pale kilikuwa beseni la makohozi meusi.
Uliinama. Goti likalia kama ukuni mbichi motoni.
Ukanyoosha mkono nikupokee, bila kunitazama,
na mimi, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mlipa zulia,
nikarudisha mikono mifukoni.

Sekunde moja tu. Kisha nikalipokea.
Lakini ile sekunde, Sunok, ndiyo niliyorudi nayo.

Usiku nilikuuliza kama unaogopa.
Ukasema kila siku, hasa jioni,
matofali ya makaa yakibaki matatu.
Ukasema kuna asubuhi unahisi labda ulisikia vibaya.
Nilitaka uniambie kuna amani.
Uliniambia kuna viazi, nikusaidie kumenya.

Kwa kamati niliripoti kwamba hali ya hewa ni mbaya.
Bahasha niliirudisha, haijafunguliwa, wakanisifu kwa uaminifu.
Jumapili kwaya iliimba habari za kumfuata Bwana popote,
ubeti wa tatu tukaurudia, ni mtamu,
nami nafungua mdomo bila sauti,
soksi zangu kavu kabisa.

Leo alfajiri, wenzangu walipofumba macho,
nimeuchukua mto wako nikaupakata.
Ni mwepesi kuliko nilivyodhani.
Sijui kama nitautuma kwa posta.
Basi la Taebaek huondoka saa mbili na robo;
nimeuliza nauli tu, usinielewe vibaya, nauli tu,
ila tangu kituoni hadi nyumbani
kiatu changu cha kulia
kina kitu ndani.